Sahihi za Tarehe Mosi Septemba

Wakuu kumi na wawili wa vyuo vya ufundi walipata alama mia kwa mia, na hapo ndipo Ilinca Scutelnic alipojua kuwa kitabu chake kimekufa.

Alikuwa amekaa nacho mwaka mzima na miezi miwili. Kurasa mia mbili na kumi za mafunzo kwa wakuu wa vyuo: namna ya kupanga zamu za karakana, namna ya kuzungumza na mwenye kiwanda anayepokea wanafunzi wa mazoezi, namna ya kumkanya fundi mwalimu aliyekuzidi umri bila kumvunjia heshima. Michoro aliichora mwenyewe. Maswali aliyatunga, akayafuta, akayatunga tena. Usione vyaelea, vimeundwa, na hiki kilikuwa kimeundwa kwa jasho na chai iliyopoa.

Siku ya jaribio wakuu walifika mji mkuu, Chișinău, kwenye kituo kinachotunga mafunzo hayo, wamevaa suti za harusini na kukumbatia mafaili. Mafaili ya nini, hakuna aliyewaagiza walete. Wawili watatu walikuja na sinia za plăcintă, mikate bapa yenye jibini, zilizofunikwa kwa taulo. Bwana Haralampie Guțu, mkuu wa chuo cha useremala huko kaskazini, alishusha dumu la divai ya nyumbani kwake, akaliweka kando ya mlango wa Ilinca, akajifanya kutazama dari.

"Jamani, si ninyi mnaopimwa," Ilinca aliwaambia. "Kinachopimwa ni kitabu. Kama swali ni bovu, andikeni kuwa ni bovu."

Wakaitikia kwa heshima zote, kisha wakaanza kunakiliana. Wakati wa mapumziko alimsikia Guțu koridoni akiwasomea wenzake majibu kwa sauti, nao wakiandika viganjani, watu wazima wenye wajukuu. Ukikaguliwa tangu ujana wako mpaka mvi, huamini tena kuwa kuna karatasi ya maswali isiyo mtego.

Swali la nne la sura ya saba lilikuwa hili: unajuaje kwamba mwanafunzi aliyesimama mbele ya mashine amefundishwa kuitumia bila kujidhuru? Wote kumi na wawili walijibu: kwa daftari la usalama lililotiwa sahihi.

Ilinca alicheka, halafu kicheko kikamkauka. Mtu yeyote aliyepita chuo cha ufundi nchini, yeye mwenyewe akiwemo, anajua daftari hilo linavyotiwa sahihi. Hutiwa tarehe mosi Septemba, siku ya kengele ya kwanza ya mwaka wa masomo, wanafunzi wakiwa na mashada ya maua mikononi. Mwalimu hulipitisha dawati kwa dawati, na kila mwanafunzi hutia sahihi ya Septemba, ya Oktoba, ya Novemba, mpaka ya Juni, ili jambo liishe watu wakapige picha. Mafunzo ya Februari unakiri kuwa umeshayapata, na theluji yenyewe bado haijulikani itaanguka lini.

Mkuu wa idara yake, Bwana Valeriu Pântea, alikuwa mtu mwema aliyebakiza miaka miwili astaafu. Alizishika zile karatasi kwa mikono miwili.

"Mia kwa mia! Mwanangu, tangu nianze kazi hapa sijaona kitu kama hiki. Baada ya wiki mbili kinakwenda mtamboni."

"Wametudanganya, Bwana Valeriu."

"Wamejibu sawasawa."

"Wamejibu tunachopenda kusikia. Tukikichapa hivi tutakuwa tumewafundisha kudanganya kwa lugha tamu zaidi, na watoto watabaki mbele ya mashine zilezile."

Pântea akavua miwani, akaipangusa kwa tai. "Sasa unataka nini?"

"Nataka mkuu mmoja, mmoja tu, aseme kwa mdomo wake na kwa jina lake jinsi daftari hili lilivyomponza. Sura ya saba niiandike upya juu ya huyo, tuijaribu tena kwa watu walewale."

"Mkuu wa chuo akiri kosa? Mbele ya wakuu wenzake?" Pântea alicheka mpaka akashika meza. "Utapata mbuzi anayesoma gazeti kabla hujampata huyo. Haya, wiki mbili ni zako. Ukimkosa, tunachapa kilichopo."

Ilinca akapiga simu. Alipiga kwa wakuu saba siku moja. Kila mmoja alisikitika sana, akasema kwake hayo hayapo kabisa, lakini chuo cha jirani, mama wee, huko usiseme. Alipompigia jirani, jirani naye akasikitika, akamrudisha kwa yule wa kwanza.

Jumamosi alipanda basi kwenda Cotul Nucului, kwa Bi. Agripina Cojuhari. Hakwenda kumtafutia aibu, Mungu shahidi yake. Alikwenda kuomba ushauri, kwa sababu katika maisha yake hakuwa amemwona mkuu wa chuo mfano wa huyo. Bi. Agripina aliongoza chuo cha wapishi na waokaji miaka ishirini na saba. Alimjua kila mwanafunzi kwa jina la mama yake. Chakula cha mchana alikula kutoka sufuria ya wanafunzi, na siku ugali wa mahindi ulipokuwa na madonge, alikula madonge. Aliwahi kumwambia mkuu wa wilaya avue viatu kabla hajaingia jikoni kwake, na mkuu wa wilaya akavua. Serikali ilimpa medali. Ilinca alianzia ualimu chini yake, akiwa binti wa miaka ishirini na mbili, na mpaka leo akitaka kujua kama jambo ni sawa hujiuliza Bi. Agripina angelifanyaje.

Alimkuta uani, amekaa kwenye kigoda mbele ya lundo la kokwa za jozi mbichi, mikono myeusi mpaka vifundoni kwa utomvu wa maganda.

"Kaa, menya," alisema bikizee. "Kwanza nisalimie, halafu menya."

Ilinca akasalimu, akambusu shavu, akakaa. Akamweleza yote, mpaka habari ya dumu la divai. Bi. Agripina akajipangusa mikono, akavaa miwani iliyofungwa kwa uzi, akaisoma sura ya saba neno kwa neno. Kalamu yake nyekundu ilikuwa mfukoni mwa aproni, maana hata kustaafu hakukumtenganisha nayo.

"Kizuri," alisema mwishoni. "Kinanikumbusha ripoti zangu."

"Hilo ni tusi, Bi. Agripina."

"Ni tusi, ndiyo. Umeandika 'mkuu ahakikishe mashine ni salama.' Ahakikishe saa ngapi? Amevaa viatu gani? Amekwenda mwenyewe au amemtuma mtu? Mimi nilihakikisha miaka ishirini na saba, mwanangu, na kiti changu hakikupoa."

Akachukua jozi nyingine.

"Nilikuwa na mashine ya kukandia unga," alianza. "Kifuniko chake bawaba zimekatika. Fundi akakifunga kwa waya. Orodha ya mashine ikaletwa mezani kwangu, imeandikwa zote nzima. Ilikuwa tarehe mosi Septemba, wageni wananingoja nje. Nikatia sahihi. Februari waya ukakatika. Dochița Lupan, miaka kumi na sita. Vidole viwili, mkono wa kulia."

"Nilisikia," Ilinca alisema kwa sauti ya chini. "Nilisikia ilikuwa ajali."

"Ulisikia hivyo kwa kuwa mimi ndiye niliyesema hivyo. Tume ya uchunguzi ilikuja ikaomba daftari la usalama. Nikawapa. Wakafungua Februari, wakakuta sahihi ya mtoto, mwandiko mzuri kabisa. Wakaandika kwamba mwanafunzi alifundishwa na hakuzingatia, kosa ni lake. Na mimi nilikuwepo, Ilinca. Nilikaa palepale, nikanyamaza, nikawamiminia kahawa. Miaka minne baadaye nikapewa medali."

Ilinca hakujua aweke wapi macho. Aliona aibu kwa niaba ya bikizee, kisha akajionea aibu mwenyewe, kwa sababu jambo la kwanza lililomjia moyoni lilikuwa furaha: amempata mkuu wake mmoja. Jambo la pili lilikuwa hofu.

"Tunaweza kubadilisha jina," alisema.

"Badilisha, uone. Watasema ni chuo cha jirani."

"Watakusema, Bi. Agripina. Mpaka kanisani watakusema."

"Waache waseme. Sasa hivi wananisema kwa kuwa sikupaka ukuta chokaa kabla ya Pasaka. Angalau watapata jambo la maana." Akavua miwani. "Mficha uchi hazai, na mimi nimeficha vya kutosha. Lakini jina langu ndilo ninaloweza kukupa. La Dochița si langu. Twende tukamwombe. Anakaa mwendo wa nusu saa kutoka hapa, na kwa miaka ishirini na miwili sijawahi kwenda."

Dochița Lupan alikuwa msimamizi wa zamu katika kiwanda cha mikate cha mji wa jirani. Walimkuta mezani amefunga kitambaa cheupe kichwani, unga mpaka viwikoni, anakata donge na kulipima kwa macho. Alifanya kazi kwa kasi inayokufanya usimame utazame. Mkono wa kulia ulikuwa na vidole vitatu, nao haukukosea hata mara moja.

"Lo! Mkuu," alisema bila kusimamisha kisu. "Umekuja kukagua?"

"Nimekuja kuomba."

"Mkate mweupe umekwisha. Labda wa shayiri."

Bi. Agripina alikataa kiti. Alisimama katikati ya magunia akasema yote, habari ya waya, orodha, wageni, daftari, tume na kahawa. Hakujitetea hata kwa neno moja. Ilinca, aliyewahi kumsikia akihutubia ukumbi wa watu mia tano, hakuwa amemsikia akizungumza vizuri namna ile. Kisu cha Dochița kiliendelea kukata, kikapunguza mwendo, kikasimama.

"Lakini mimi nilitia sahihi," alisema Dochița. "Mama alinipiga kwa sababu ya sahihi ile, bandeji ikiwa bado mkononi. Aliniambia, uliandika kuwa unajua, sasa mkono uliupeleka kufanya nini? Mpaka leo sijapata cha kumjibu. Ni kweli niliandika."

"Uliandika Septemba, mwanangu. Mimi nilikuwa nimesimama juu ya kichwa chako nikikuhimiza, fanya upesi, maua yananyauka. Hakuna mtu aliyekufundisha kitu Februari. Wewe hukukosea. Nilipaswa kukwambia siku ileile hospitalini, na nilijua hivyo siku ileile."

Dochița akageuka akatazama tanuri, akawapa mgongo. Wasichana wawili wa zamu walijifanya wanahesabu trei. Alipowageukia tena alikuwa amejipangusa uso, na unga umebaki shavuni.

"Hicho kitabu atasoma nani?" alimuuliza Ilinca.

"Wakuu wote wa vyuo vya ufundi. Zaidi ya themanini."

"Watakisoma wamekaa wapi?"

"Ofisini, nadhani."

"Kwenye kiti chenye mto."

"Ndiyo, dada."

"Basi hakitawafika. Mimi daftari lile nilitia sahihi nikiwa nimekaa vizuri, na halikunifika. Waambie wasimame. Wafunge kitabu waende karakana, wazime mashine, washike kila kifuniko kwa mkono wao wenyewe. Kikicheza, wasifungue kitabu tena mpaka kitengenezwe. Hilo jaribio lenu ni lini?"

"Alhamisi ijayo."

"Nitabadilishana zamu."

"Asante," alisema Bi. Agripina. "Asante kwa kunisamehe."

"Sijasema nimekusamehe, Mkuu. Nimesema nitakuja."

Ilinca aliandika sura ya saba kwa siku nne. Aliyatupa maswali yote ya kuchagua jibu. Akaandika kisa cha Bi. Agripina jinsi alivyokisimulia, kwa jina lake, pamoja na ile kahawa. Chini ya kisa akaacha ukurasa wenye agizo moja tu, lile la Dochița. Kila jioni alimsomea bikizee kwa simu, na kila jioni bikizee alimpunguzia. "Hapo umenipamba," alikuwa akisema. "Toa. Na hapo umesema nililia. Sikulia, nilikwenda kula chakula cha mchana. Andika hivyo." Ilinca aliandika hivyo. Alikuwa amemheshimu mwanamke huyo kwa ajili ya mambo mengi, na sasa aliona kuwa yote yale, hata viatu vya mkuu wa wilaya, yalikuwa mepesi kuliko hili.

Alhamisi wakuu kumi na wawili walirudi na suti zao, mafaili yao na sinia zao. Guțu alikuja na dumu kubwa zaidi, huenda alidhani lile la kwanza halikutosha. Pântea alikaa karibu na mlango na saa yake mkononi, maana mtambo wa kuchapa ulikuwa umeshapangwa Jumatatu.

Walipomwona Bi. Agripina akiingia, wote walisimama. Nusu yao walijifunza uongozi kwa kumtazama yeye. Wakagombania kumvutia kiti, naye, kama kule kiwandani, hakukaa.

Alisimulia. Alipofika kwenye orodha ya mashine, watu waliacha kuandika. Alipofika kwenye kahawa, mkuu mmoja mwanamke alifunika mdomo. Alipomaliza, ukumbi mzima ulikuwa umekasirika. Watu hawapendi kuvuliwa nguo na mtu wanayempenda.

"Samahani, Bi. Agripina," alisema Guțu, uso mwekundu. "Tunakuheshimu. Lakini haya ya nini sasa? Mambo ya zamani. Na medali je, uliirudisha?"

"Hapana, Haralampie. Niliivaa. Niliipenda sana."

Mtu mmoja alicheka, akajuta.

Hapo Dochița, aliyekuwa amekaa nyuma, wote wakidhani ni mtu wa chai, akasimama. Hakuuonyesha mkono, na wala hakuuficha.

"Mimi ndiye huyo mwanafunzi," alisema. "Sina hotuba, zamu yangu inaanza saa kumi. Nina swali moja. Nani kati yenu ana mashine iliyofungwa kwa waya?"

Hakuna aliyeinua mkono.

"Haya. Kwa kamba? Kwa utepe?"

Wakatazama mafaili yaliyopangwa mbele yao, safi, kila moja na daftari lake la usalama lililotiwa sahihi mpaka Juni.

"Vizuri," alisema Dochița. "Ni chuo cha jirani." Akachukua koti lake.

Ilinca alimtazama Bi. Agripina, ambaye bado alikuwa amesimama, mkono umeshika ukingo wa meza, amezeeka miaka kumi kwa nusu saa. Ametoa jina lake, amemtoa binti wa watu kazini kwake, na watu wanatazama viatu vyao. Pântea alikohoa akaangalia saa. Ilinca akaanza kukusanya karatasi ili apate kitu cha kufanya.

Ndipo Guțu aliposukuma kiti nyuma. "Naomba dakika moja," alisema bila kumtazama mtu, akatoka.

Anakimbia, Ilinca aliwaza. Aliudhika hata akataka kumfuata na madumu yake yote mawili. Kisha mkuu wa pili akainuka, yule mwanamke, akatoka naye. Akatoka wa tatu. Dochița akasita mlangoni, mkono mmoja umeingia kwenye koti na mwingine bado. Kutoka koridoni, kwa kuwa mlango ulikuwa wazi na Guțu hajawahi kujua kuzungumza kwa simu bila kupiga kelele, wote waliobaki walimsikia.

"Nani yuko kwenye msumeno wa pili? ... Mwambie arudi nyuma. Zima. ... Sijali kazi ya nani inangojewa, uzime sasa hivi na ufunguo kaa nao wewe. ... Ndiyo, ule wenye kamba. ... Najua imeandikwa ni mzima, Sergiu! Najua nimetia sahihi! Ndiyo maana nakwambia uzime!"